Nyuzi Nne na Nusu

Penseli ilibingirika juu ya meza gizani, ikafika ukingoni, ikaanguka sakafuni na kunyamaza.

Inspekta alifumbua macho. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni, na alfajiri ilikuwa bado inasitasita nje ya dirisha kama mgeni asiyejua kama abishe hodi.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Hii meza inatupa vitu."

"Meza haitupi vitu. Imeinama tu, mguu mmoja mfupi. Unafanya nini saa hizi?"

"Hesabu za shule. Jana usingizi ulinikamata."

"Ulinikamata! Usingizi ungekuwa askari, kituo chetu kingekuwa na kazi nyepesi."

Alijifunga kanga, akawasha taa ya betri, akamimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe chake na cha binti yake. Binti alikuwa chini ya meza akipapasa penseli. Alikuwa na miaka kumi na mbili na alifanya kila kitu kwa haraka, hesabu na kuvunja vikombe.

Inspekta aliitazama meza ile iliyoinama, akakumbuka kwamba leo saa nane mchana dereva wa tipa alitakiwa kusimama mahakamani.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Kwenye mradi wa reli mpya, malori yaliyobeba kokoto yalikuwa yakishuka kwa njia ya muda, ya udongo, kutoka barabarani juu hadi kwenye tuta la reli chini. Juzi asubuhi tipa moja lilishuka na halikusimama. Chini kabisa palikuwa na mzee mlinzi wa kizuizi, na yule mzee hakuwahi kuondoka kwenye kiti chake, akafa. Dereva alisema aliingiza gia ya kwanza, breki zikashindwa, njia ilikuwa imesimama wima kuliko kawaida. Kampuni ilisema dereva aliacha lori lijiendee bila gia ili aokoe mafuta auze. Mwendesha mashtaka aliikubali habari ya kampuni, maana ilikuwa na namba. Ofisa usalama wa mradi alikuwa ameipima njia asubuhi ileile.

"Hebu nikuulize kitu," Inspekta alimwambia binti yake. "Njia inashuka kwa asilimia kumi. Yaani ukienda mbele mita mia, umeshuka mita kumi. Hizo ni nyuzi ngapi?"

"Asilimia mia ni nyuzi ngapi?"

"Arobaini na tano. Mbele mia, chini mia. Ndiyo mraba uliokatwa kona kwa kona."

"Basi kumi ni nne na nusu." Binti hakuinua hata kichwa. "Mia ni arobaini na tano, kumi ni nne na nusu. Rahisi kama kumsukuma mlevi."

Kikombe cha Inspekta kilisimama njiani kati ya meza na mdomo. Nyuzi nne na nusu. Jana alasiri ofisa usalama, akiwa amekaa mbele yake na kofia ngumu kichwani ndani ya nyumba, alitamka namba hiyohiyo. "Kipimo kilisoma nyuzi nne na nusu, afande. Asilimia kumi kamili, kama mchoro unavyotaka."

"Nimekosea?" binti aliuliza.

"Sijui. Nenda kachomoe chaga moja kwenye kitanda chako."

"Nitalala wapi?"

"Kwani utalala sasa hivi? Lete na kile kipimapembe chako. Na uzi."

Chaga ilikuwa na urefu wa mita moja, wakaipima kwa rula mara mbili ili kuhakikisha. Waliilaza sakafuni, wakainua ncha moja kwa kopo la maziwa na daftari moja juu yake hadi ikafika sentimita kumi. Mita moja mbele, sentimita kumi juu. Asilimia kumi. Inspekta alifunga nati ndogo kwenye uzi, akaupitisha uzi katikati ya kipimapembe, ikawa timazi ya maskini, kisha akaubana ule upande wa kipimapembe ulionyooka chini ya chaga. Nati ilining'inia, ikayumba, ikatulia.

"Soma."

Binti alilala kifudifudi, pua karibu iguse uzi. "Kama chaga ingekuwa sawasawa, uzi ungekuwa kwenye tisini. Sasa umehama. Uko karibu… karibu tisini na sita. Mama, ni karibu sita!"

"Rudia."

Walirudia. Walibadilisha upande. Inspekta mwenyewe alisoma, huku amefumba jicho moja kama fundi mwashi. Kila mara uzi ulikataa katakata kukaa kwenye nne na nusu. Ulikaa kwenye tano na zaidi ya nusu.

"Hesabu yangu mbovu, basi," binti alisema kwa huzuni.

"Umeigawa kama mkate, kila mtu kipande sawa. Nyuzi hazigawanyiki hivyo. Fikiria ukuta. Ukuta ni nyuzi tisini, mara mbili ya arobaini na tano. Kwa hesabu yako ungekuwa asilimia ngapi?"

"Mia mbili."

"Mbele mia, chini mia mbili. Je, ukuta unakwenda mbele?"

Binti aliutazama ukuta wa chumba muda mrefu. "Hauendi popote."

"Basi asilimia yake haina mwisho. Mwanzoni nyuzi ni za bei rahisi, kila moja unaipata kwa kushuka kidogo. Kadiri njia inavyosimama, kila nyuzi moja inadai kushuka zaidi na zaidi. Mimi mwenyewe niligawa hivyohivyo masomo ya jioni, mwalimu akanichora msalaba mwekundu." Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo. "Mtoto akikosea hivyo mezani, ni sawa. Lakini chombo hakijui kugawa mkate. Chombo kinasoma kinachokiona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo rudisha chaga kabla hujaisahau, uanguke usiku."

*

Sajenti alikuwa mtu mzima, amebakiza kidogo astaafu, na aliendesha gari la polisi taratibu, kwa heshima, kana kwamba anapeleka bibi harusi. Alisikiliza habari ya chaga na nati bila kumkatiza.

"Afande, nami nina yangu," alisema hatimaye. "Jana jioni nilikwenda kuliona lile tipa. Mkono wa gia uko katikati. Haumo kwenye gia yoyote. Sasa dereva anasema gia ya kwanza. Hapo mbona kesi imekwisha?"

"Nani alilivuta lori kutoka pale chini?"

"Mwenye winchi."

"Tutaanza naye."

Mwenye winchi walimkuta amelala chini ya gari lake, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Walipouliza habari ya gia, miguu iliwajibu.

"Gia niliitoa mimi. Nivuteje lori lenye gia? Nikate sanduku la gia nilipe mimi?"

"Ilikuwa kwenye gia ipi ulipoitoa?" Inspekta alichuchumaa karibu na miguu.

"Ya kwanza. Tena iling'ang'ania kama kupe. Nilipigana nayo hadi nikamtukana mama yake gia."

"Kwa nini hukusema?"

Mtu mwenyewe alijitokeza kutoka chini ya gari, uso mweusi kwa grisi, macho meupe. "Niliulizwa na nani? Walikuja watu na kofia, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi ni winchi, mama. Winchi haihojiwi."

Sajenti alikohoa, akaangalia kwingine. Ushahidi wake wa jana ulikuwa umevutwa na winchi.

"Leo umehojiwa," Inspekta alimwambia. "Utakuja kituoni useme hivyohivyo. Mama yake gia unaweza kumwacha."

Njia ya muda ilikuwa nyuma ya safu ya makontena. Ilishuka imenyooka, imelainishwa vizuri, na upande wa kushoto ilipakana na ukuta wa zege uliozuia udongo usimwagike. Chini, kando ya tuta, mataruma ya zege, yale ya kulazwa chini ya reli, yalikuwa yamesogezwa pembeni, na alama za minyororo ya katapila bado zilionekana mbichi pale yalipokuwa.

Ofisa usalama alikuja mbio, kofia ngumu kichwani, fulana ya kung'aa imefungwa hadi shingoni. Wafanyakazi walimwita Kofia, kwa sababu walisema hata akila haivui.

"Afande! Ungepiga simu, ningewaandalia viatu."

"Viatu ninavyo. Kipima mteremko unacho?"

"Daima." Alikitoa mfukoni, kisanduku cha manjano chenye kioo kidogo cha namba. Alikishika kama mtu anayeonyesha saa mpya.

"Jana ulisema juzi asubuhi kilisoma ngapi?"

"Nne na nusu."

"Ulikuwa wapi ulipokisoma?"

"Hapahapa. Katikati ya njia. Nilikiweka juu ya ubao, kama utaratibu unavyotaka."

"Na njia ilikuwa asilimia kumi."

"Kumi kamili."

"Leo je? Njia ni ileile?"

Kofia alitazama chini, akatazama juu. "Ileile. Tulisafisha kidogo baada ya ajali, damu, kokoto, unaelewa. Lakini mteremko ni uleule. Nathibitisha."

"Sajenti, umesikia."

"Nimesikia, afande. Na masikio yangu bado mazima."

"Tuipime, basi. Weka kipimo chako, bwana usalama, vilevile kama juzi."

Alilaza ubao katikati ya njia, akaweka kisanduku juu yake. Namba zilicheza, zikatulia. Inspekta aliinama akasoma kwa sauti.

"Tano nukta saba."

"Ubao una takataka chini." Kofia aliufuta ubao kwa kiganja, akauweka tena. Tano nukta saba. Aliuhamisha hatua chache. Tano nukta saba tena. "Betri," alisema. "Betri ikichoka hudanganya."

"Sajenti, lete pima maji yetu."

Sajenti alileta pima maji ya useremala. Walikwenda kwenye jiwe bapa la kizuizi, wakalisawazisha kwa vipande vya mbao hadi povu likakaa katikati kabisa, wakaweka kisanduku juu. Sifuri. Wakakisimamisha ukutani, palipo wima kwa timazi. Tisini. Betri ilikuwa na afya kuliko wote waliokuwepo.

"Kifaa hakidanganyi," Inspekta alisema. "Kwa hiyo nina shida, nisaidie. Asilimia kumi inasoma tano nukta saba. Nimeipima alfajiri kwa uzi na nati, na sasa kifaa chako kimeniunga mkono. Wewe unasema njia ni ileile na ilikuwa asilimia kumi. Basi juzi kilipaswa kusoma tano nukta saba. Nne na nusu uliiona wapi?"

"Labda… labda njia ilikuwa imelala zaidi. Asilimia nane hivi."

"Afadhali. Basi ilikuwa nyepesi kuliko mchoro, na tipa lenye gia ya kwanza likashindwa kusimama. Mwenye winchi ametuambia gia aliikuta wapi. Chagua moja, bwana. Ama lori lenye gia ya kwanza lilishindwa kusimama kwenye njia laini, ama kuna namba hapa haikutoka kwenye kifaa."

Kofia alikifuta kioo cha kisanduku. Inspekta hakumsubiri. Alikuwa ameshageukia ukuta wa zege.

Ukutani palikuwa na mstari. Magurudumu ya malori yalikuwa yameurushia tope siku nyingi, na tope lile lilikuwa limekauka likawa kama rangi, na ukingo wake wa chini ulikatika ghafla kwa mstari mmoja ulionyooka, pale udongo wa njia ulipokuwa umekutana na ukuta. Katapila linajua kusukuma udongo. Kufuta ukuta halijui. Karibu na juu mstari ule ulilingana na njia ya leo, lakini kadiri ulivyoshuka ulizama chini zaidi, ndani ya mfereji ambao katapila liliuacha kati ya udongo mpya na ukuta, hadi ukafukiwa kabisa.

"Sajenti, ubao."

Sajenti aliushika ubao kwa ukingo, sambamba na mstari wa tope. Inspekta aliweka kisanduku juu yake.

"Tisa nukta moja," alisoma Sajenti. Alirudi nyuma hatua moja, akasoma tena, kana kwamba namba ingeweza kuona haya. "Tisa nukta moja. Hiyo ni asilimia ngapi, afande?"

Inspekta alipima kwa rula ukutani, mita moja mbele, kisha akashuka hadi kwenye mstari. "Sentimita kumi na sita. Asilimia kumi na sita. Lori lililojaa, udongo umelowa." Alimgeukia Kofia. "Mataruma yalikuwa pale chini, siyo?"

"Yaliletwa wiki iliyopita." Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Hapakuwa na pa kuyaweka. Greda ikakata mguu wa njia ili yapate nafasi."

"Kimo kilekile, urefu mfupi. Njia ikasimama."

"Sikujua ni kiasi gani."

"Hukujua kwa sababu hukushuka."

Kofia alivua kofia yake. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipita na toroli walisimama kabisa kuangalia, maana kichwa kile hakuna aliyekuwa amekiona. Kilikuwa kichwa cha kijana, chenye alama nyekundu ya mkanda kuzunguka paji.

"Kila asubuhi natakiwa kutangaza kwenye redio ya upepo," alisema. "Njia iko sawa, nyuzi kadhaa, malori yaanze. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikaa kwenye kontena, nikaikokotoa kutoka kwenye mchoro. Asilimia mia ni arobaini na tano…"

"Kumi ni nne na nusu."

"Ndiyo. Kesho yake nikasema hivyohivyo. Na kesho yake."

"Dereva hakulalamika?"

Tone la jasho lilishuka kwenye ile alama nyekundu.

"Alilalamika redioni. Siku moja kabla. Alisema lori linamvuta."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, wewe endesha, mimi napima."

Sajenti aliuweka ubao chini polepole sana. "Na mataruma," alisema, "nani aliagiza yahamishwe, na njia ijazwe udongo, kabla sisi hatujaitwa?"

"Mimi. Nilipiga simu kwa katapila kwanza."

"Kabla ya kuita gari la wagonjwa?"

Kofia alifumba macho. Inspekta aliushikilia ubao ukutani, akamwomba Sajenti apige picha ya mstari, na kioo cha namba kionekane, na uso wa ofisa usalama uonekane. Kisha akamwambia mfanyakazi mwenye toroli asikubali mtu yeyote aguse ukuta ule, hata kwa kuegemea.

"Hata mvua?" mfanyakazi aliuliza.

"Mvua ikija, ufunike kwa turubai. Ukuta huu ni shahidi wangu."

Mfanyakazi alikwenda kutafuta turubai. Kwa mwendo wake ilionekana alikuwa amemjua mzee wa kizuizi.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "lakini". Lakini gia? Mwenye winchi alikuwa ameketi koridoni, amenawa mikono. Lakini kipimo cha ofisa usalama? Inspekta alikiweka kisanduku mezani kwake, akainua ncha ya rula ndefu kwa vitabu vyake vya sheria hadi sentimita kumi kwa kila mita, akamwacha asome mwenyewe.

Alisoma. Akaondoa vitabu viwili, akasoma tena. Akavirudisha.

"Nami ningesema nne na nusu," alikiri.

"Hata mimi, mheshimiwa. Lakini wewe husemi uliiona kwenye kioo."

Alifunga jalada la dereva, akavuta jalada jipya. "Mtoe kwa dhamana yake mwenyewe leo. Atakuja kama shahidi. Huyu mwingine nileteeni."

Saa nane ilikuwa bado haijagonga.

Kwenye benchi la mapokezi ya kituo alikuwa ameketi mke wa dereva tangu asubuhi, mtoto wa kike wa miaka minne hivi amesinzia mapajani. Alisimama alipomwona Inspekta, mtoto akaamka bila kulia.

"Afande, dada yangu, niambie tu moja. Gari la mahakama limeshafika?"

"Limefika, lakini halimchukui."

Mwanamke alibaki amesimama na mkono mdomoni, kana kwamba anazuia neno lisitoke likaharibu mambo. "Halimchukui yeye, au halimchukui leo?"

"Yeye. Wakati mwingine akienda, atakwenda kusema, si kusemwa."

Mwanamke aliketi tena. Hakushukuru. Alimfunga mtoto vifungo vya gauni ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

Mlango wa chuma wa mahabusu ulifunguliwa. Dereva alitoka mbele ya Sajenti, akipepesa macho kwa mwanga, mtu mrefu aliyezoea kuinama kwenye vyumba vya malori. Alitembea kwa kuburuza miguu, polepole, kwa sababu vinginevyo viatu vingebaki nyuma; mkanda wake na vingine alivyovuliwa alipoingia mahabusu vilikuwa bado kaunta. Alisimama katikati ya chumba. Alionekana hajui akumbatie nani kwanza au kama inaruhusiwa.

"Yule mzee," alimwambia Inspekta. "Alikuwa ananipungia mkono kila ninaposhuka. Hata juzi alinipungia. Alidhani nitasimama."

"Tumempima aliyesema utasimama."

Alitikisa kichwa juu chini mara nyingi. Mke wake alikuwa amesimama, lakini hakusogea. Walitazamana kwa umbali ule, watu wazima wawili wenye mambo mengi ya kuambiana.

Mtoto aliteremka kwenye benchi. Alikwenda hadi mbele ya baba yake, akachuchumaa, akaiangalia miguu yake kwa makini, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, viatu vyako havina kamba."